Orodha ya Watoto wa Mama

Kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kungoja. Mwalimu aliniketisha mbele ya kompyuta, akafungua ukurasa mweupe usio na kitu, akasema, "Mathe, usiguse chochote. Angalia tu hako kamstari kanawaka na kuzima." Nikakaangalia. Kalikuwa kembamba kama sindano ya cherehani, kamesimama wima pale juu kushoto, kanatokea, kanapotea, kanatokea. "Hapo ndio herufi yako itaangukia," akasema, kisha akaenda kuwasaidia wengine. Nilikaa nikikaangalia mpaka nikahisi pumzi zangu zinakafuata. Dirisha lilikuwa wazi na harufu ya mti uliopasuliwa ilikuwa inaingia kutoka kiwanda cha mbao cha ng'ambo ya barabara. Nikajikuta niko mbali, niko Kuresoi kwenye shamba la mama, asubuhi, ukungu umelala juu ya viazi na hakuna anayezungumza.

"Mathe, umelala?" mwalimu akaniuliza.

"Wewe umewahi kuona mtu analala macho wazi?" nikamjibu. Hasira zangu ziko karibu, hilo niliseme mapema.

Nina zaidi ya miaka hamsini, na karibu thelathini kati ya hiyo nimeshona sare za shule hapa Elburgon. Kompyuta sikuitaka, na wala haikunitaka. Darasa lenyewe lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, mashine sita, na kila asubuhi mwalimu alifuta unga wa mbao kwenye vibodi kwa kitambaa. Nilipanda ngazi zile kwa sababu ya mama.

Mambo yalianzia kwenye mazishi ya jirani yake. Kwetu mtu akifa maisha yake huandikwa, yakachapishwa kwenye kijitabu chenye picha, na siku ya kumzika yakasomwa mbele ya watu wote: alizaliwa wapi, aliolewa na nani, aliwazaa watoto hawa na hawa. Sasa ya yule jirani yalichapwa kwa haraka kwenye saiba, duka la kompyuta la mjini, juu ya maisha ya marehemu mwingine ambayo hayakufutwa yote. Katikati ya kusoma tukasikia kwamba bibi yule, aliyelima viazi tangu ujana wake, alikuwa fundi hodari wa kunyoosha mabati ya magari. Watu waliinamisha vichwa. Wengine walicheka ndani ya leso, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mama hakucheka. Jioni ile, akiwa jikoni anachochea moto, aliniambia, "Yangu nataka kuyasikia kwanza. Nikiwa na masikio yangu."

Daktari wa Nakuru alikuwa ametuambia moyo wake umechoka. Hakutuambia umebakisha nini, na sisi hatukuuliza. Miguu ilikuwa inamvimba jioni, na shambani alikuwa anaenda kuangalia tu.

Ndugu yangu anayenifuata, ambaye anaishi Nakuru, alinipigia simu aliposikia. "Unamchuria mama," akasema. "Nani huandika hivyo mtu angali hai?"

"Njoo umwambie mwenyewe," nikamjibu. Hakuja.

Lakini alikuwa na haki kwa jambo moja. Katika mji kama huu, ukipeleka maisha ya mtu kwenye saiba uchapiwe, kabla hujafika nyumbani majirani wameshaleta sukari na majani ya chai ya matanga. Kwa hivyo hayo maisha ningeyachapa mimi, kwa vidole hivi, au yasingechapwa kabisa. Mwalimu hakuwa mtu wa hapa. Alikuwa msichana wa Nakuru aliyekuja siku tatu kwa wiki, hamjui mama yangu wala jirani zangu, na nilipomweleza akasema, "Hiyo itabaki hapa, mathe. Mimi, wewe na mashine."

Nilidhani nitapotea, lakini kumbe mambo mengi mle nilikuwa nayajua kwa majina mengine. Juu ya ukurasa kulikuwa na rula yenye inchi, sawa na tepu ninayoivaa shingoni kutwa. Pembeni mwa karatasi unaacha nafasi, na nafasi hiyo nikaielewa mara moja, ni pindo. Wiki ya kwanza nilikuwa nasukuma kichwa cha habari hadi katikati kwa kile kitufe kirefu cha chini, moja moja, nahesabu kwa sauti. Mwalimu akanionyesha alama yenye vimistari, ukiigusa tu maneno yanajiweka katikati. Nilimwangalia kwa uchungu. Nusu saa nzima aliniacha nisukume.

Halafu kulikuwa na kishale kilichojipinda. Ukikosea unakigusa, na kosa linajiondoa, na lililokuwepo kabla yake linarudi. Nilikipenda kuliko vyote. Niliandika sentensi nikairudisha, nikaandika nikairudisha, na mawazo yangu yakaanza kutembea yenyewe. Nilifikiria nguo ya bwana harusi niliyoharibu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji. Nilifikiria siku niliyoacha shule kidato cha pili, nimesimama kwenye lango na sanduku langu. Nilifikiria maneno niliyomwambia marehemu baba na sikuyaomba msamaha. Ukurasa ulikuwa mweupe tena, na kale kamstari kalikuwa pale pale kanawaka na kuzima.

Kitu kimoja tu nilikikataa, na hicho ni mkasi. Kulikuwa na picha ya mkasi pale juu, mdogo, umefunguka. Mwalimu alisema ukitaka kuhamisha maneno unayachagua yawe na kivuli, unabonyeza mkasi, kisha unayabandika unakotaka. Nikamwambia hapana. Fundi hawekei kitambaa mkasi mpaka apime mara mbili, kwa sababu kilichokatwa hakirudi. Hiyo suti ya bwana harusi niliikata nikiwa nacheka na wenzangu, na bega moja likatoka fupi, na nililia mpaka mwalimu wangu wa ushonaji akanihurumia. Kwa hivyo maneno yakitakiwa kuhama, mimi nilikuwa nayafuta na kuyaandika upya mahali pengine, herufi kwa herufi. Wanafunzi wenzangu, watoto wa juzi waliomaliza shule, walinitania. "Mathe anahama na nyumba mgongoni," walisema. Niliwaacha waseme.

Jumapili nilikuwa naenda Kuresoi na daftari. Mama alikaa mlangoni mwa stoo akichagua mbegu za viazi, kidogo huku, kikubwa kule, na aliongea akiwa anachagua. Mara nyingine alisahau kwamba ninaandika. Alisema alivyokuja na baba akiwa msichana, baba akiwa mkata miti, wakakaa kwenye kambi ya wafanyakazi msituni juu ya Elburgon, vibanda vya mabanzi vilivyopangwa mstari mmoja, na jinsi mvua ya huko ilivyokuwa haina mwanzo. Niliandika na kusikia mvua hiyo. Kuna Jumapili nilirudi nyumbani na nguo kavu lakini nikahisi nimelowa.

Tangu nipate akili, mama hakuwahi kuniita kwa jina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mimi nilidhani ni heshima tu, kwamba hataki kulitaja jina la mama mkwe wake ovyo. Aliniita "wewe," au akiwa na furaha aliniita "mama." Jina lenyewe alikuwa amelitarizi zamani kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cheupe, na kitambaa hicho kilifunika mgongo wa kiti cha sebuleni utoto wangu wote. Mama hajui kusoma. Kuna mwanamke wa kanisani aliyemchorea herufi kwa penseli, naye akazifuata kwa sindano. Nilikuwa nakiangalia kitambaa hicho na kujiona mtu mkubwa. Nadhani ndicho kilichonifanya fundi.

Jumapili ya nne tulifika kwenye watoto.

"Wa kwanza," nikasema, nikaandika jina langu bila kumngoja.

"Umeandika nani?"

"Mimi."

Akaweka kiazi chini. "Wewe ni wa pili."

Aliniambia bila kuinua macho. Kulikuwa na msichana kabla yangu. Alizaliwa kule kambini, akakaa miezi minane, akashikwa na kifua wakati wa baridi, na mvua haikuwaacha kushuka naye hospitali. Baba alimzika nyuma ya vibanda. Baadaye watu wa msitu walipanda miti pale, na ile miti ikakua, ikakatwa, wakapanda mingine. Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi, msichana, na jina la bibi lilikuwa limerudi halina mtu, kwa hivyo nikapewa. Kitambaa chenye uzi mwekundu kilikuwa chake.

"Nilikuwa nikikuita, naona namwita yeye," mama akasema. "Nikaacha."

Niseme ukweli, sikuona huruma. Niliwaka. Mimi ndiye niliyeacha shule ili ndugu zangu wasome. Mimi ndiye niliyeamka saa kumi na moja kukama ng'ombe, niliyewabeba wadogo mgongoni, niliyelipwa kwa maneno kwamba mtoto wa kwanza ndiye nguzo. Haikuwa heshima, ilikuwa kazi, na kazi hiyo niliifanya mpaka mwisho. Sasa mtu aliyekaa miezi minane anachukua nafasi yangu, tena kwa jina langu, na kitambaa pia ni chake. Nilifunga daftari nikaenda zangu, na Jumapili mbili sikuonekana Kuresoi.

Nilichapa kila kitu kwa ukaidi. Nilijiweka wa kwanza. Mashine ile ina namba zinazojiandika zenyewe, ukishuka mstari namba inakuja, nikashuka nikawaandika ndugu zangu mmoja mmoja hadi kitinda mimba, wa saba. Halafu chini yao wote, namba nane, nikamwandika yeye. Nilijiambia si nimemweka, anataka nini tena. Nikatoa nakala, nikampelekea mama, nikamsomea.

Alisikiliza hadi mwisho wa orodha. "Huyo wa nyuma kabisa ni nani?"

"Ni yeye."

"Mbona umemkalisha nyuma ya kitinda mimba? Kwani ni mgeni?"

Nikakunja pembe ya karatasi.

"Mahali pake ni juu," mama akasema. "Na usimwandikie kwamba alikufa. Andika jina tu, kama la wenzake. Ukishaweka sawa unisomee tena, na usikawie." Kisha akanyoosha miguu yake iliyovimba juu ya kigoda na kuiangalia, nami nikaiangalia. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika bado, lakini hasira yenyewe ilikuwa imeanza kuniogopesha.

Jumatano nilikaa mbele ya ile orodha asubuhi nzima. Mwalimu akavuta kiti.

"Ni mstari moja tu, mathe. Uchague, ukate, uende juu, ubandike. Ama utafuta yote nane na uandike upya?"

"Nikikata, utaenda wapi?"

"Hauendi mahali. Unakaa tu."

"Unakaa wapi?"

Akafikiria. Nilimpenda kwa kufikiria kwake. "Mahali huwezi kuona," akasema. "Lakini uko. Unangoja uambiwe pa kukaa."

Nikachagua ule mstari, ukawa na kivuli, nikabonyeza mkasi. Jina likaondoka. Kule chini hakukubaki alama yoyote, weupe tu, kana kwamba sikuwahi kuandika. Sikufanya haraka. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimenyamaza kwa chai ya saa nne, na mle chumbani ilisikika tu feni ya mashine. Nikawaza kwamba mama amekaa naye hivyo miaka hii yote, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuona, akilima, akipika, akitupigia kelele tule. Nilikuwa nimemuonea wivu mtoto wa miezi minane. Niliona aibu, na machozi yakanitoka, na sikujali watoto wa juzi wananiangalia.

Nikapeleka kamstari juu, mbele ya jina langu, nikabandika. Akatokea. Namba zikajipanga zenyewe: yeye moja, mimi mbili, ndugu yangu tatu, hadi kitinda mimba nane. Jina lile lile limepandana, lake juu, langu chini yake. Niliziangalia zile herufi zetu na sikuona tofauti hata moja.

Wiki hiyo shule zilikuwa zinafunguliwa. Simu yangu ililia, wazazi walikuwa wamejaa dukani kwangu wanataka sketi za marinda, na nikamwomba mwalimu anitolee nakala nzuri, anipitishie jioni. Aliniletea kwenye bahasha ya kaki. "Nimekusafishia pia kidogo," akasema akiwa mlangoni. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pini. Nikamshukuru kwa kichwa, nikaitia bahasha kwenye mkoba.

Jumapili kulikuwa na jua, la baridi, lile la kwetu ambalo huangaza bila kuchoma. Mama alikuwa nje kwenye kiti, amefunikwa blanketi, na ng'ombe walikuwa wanatafuna karibu na ua. Nikafungua bahasha nikaanza kusoma. Alizaliwa wapi. Alikujaje msituni. Mvua. Vibanda. Alifumba macho, na uso wake ukawa laini, nikadhani amesinzia, lakini nikinyamaza kidogo alikuwa anainua kidole niendelee. Nikafika palipoandikwa kwamba alijaliwa watoto wanane, na hawa ndio majina yao.

Namba moja, jina. Namba mbili, ndugu yangu.

Niliangalia tena. Moja hadi saba, zimenyooka vizuri, hakuna pengo. Nikaelewa mara moja. Msichana wa watu, ambaye sikumwambia kwamba tuko wawili wa jina moja, aliona jina moja mara mbili, la juu na la chini, akadhani nimebandika mara mbili kwa kutojua, akanitolea moja kwa wema, na namba zikajipanga zenyewe na kuficha. Mama alikuwa amefumba macho, anangoja.

Nikasoma jina. Nikavuta pumzi. Nikalisoma tena, kana kwamba lipo. Kisha ndugu yangu, na wengine, hadi kitinda mimba. Nilishangaa jinsi kudanganya kulivyokuwa rahisi.

Mama akafumbua macho. "Nionyeshe."

"Nini, mama?"

"Hapo kwenye majina. Nionyeshe."

Nilikuwa nimesahau. Mama hasomi, lakini kuna neno moja duniani analolijua, kwa sababu alilishona. Akaichukua karatasi, akaisogeza mbali, kisha karibu, akapitisha kidole taratibu kutoka juu kwenda chini, kisha chini kwenda juu.

"Ni moja," akasema.

Ikabidi nimweleze. Nikamwambia niliyaweka yote mawili, Mungu anaona, lakini mwalimu alidhani nimekosea kwa sababu yanafanana, akatoa moja.

"Ametoa la nani?"

Ningesema lolote. Zilikuwa herufi zile zile, hata mwalimu mwenyewe asingejua. Niliangalia lile lililobaki, liko juu, mahali pa kwanza, na nikajua kwamba kwa maisha yangu yote ningesema lile ni langu.

"Langu," nikasema. "Hilo ni lake."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kitu anachokijua. "Basi chukua kalamu."

"Nitarudi darasani Jumatatu, mama, nirekebishe. Ni kitu cha dakika moja."

"Chukua kalamu," akasema. "Yeye hawezi kujiandika. Wewe una mkono."

Nikatoa biro kwenye daftari. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili nafasi ilikuwa ndogo, kwa hivyo nilipiga magoti kando ya kiti chake na kuandika kwa herufi za kubana, zilizopinda, nikajiweka chini yake na juu ya ndugu yangu. Mama alinishikia karatasi isipeperuke, kidole chake kikiwa juu ya jina la kwanza. Alipoona nimemaliza alilitaja jina hilo, polepole, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Kisha akashusha kidole hadi kwenye wino wa biro, akalitaja tena, nami nikaitika.